Inayogoma na Inayooza: Lawama za Kerneli ya Linux

Jumamosi ya tarehe 9 Desemba 2023, wasimamizi wa Debian walikuwa katikati ya kutoa toleo la 12.3 la mfumo wao walipolazimika kusimama njiani. Kerneli iliyokuwamo, 6.1.64, iligundulika kuwa inaweza kuharibu data kwenye mfumo wa faili wa ext4, ambao sehemu kubwa ya mashine za Debian huutumia bila hata mwenye mashine kuuchagua. Picha za usakinishaji za 12.3 zikazuiwa. Kesho yake likatoka 12.4 lenye kerneli 6.1.66. Haikupita muda, watu wakaanza kulalamika kwamba kerneli hiyo ya uokozi inavuruga Wi-Fi kwenye baadhi ya mashine, ikabidi ije 6.1.67.

Debian husifiwa kwa utulivu wake, na waliochagua jina hilo walilichagua ili wasikutane na mambo ya namna hii. Ndiyo maana tukio lile liliacha mkanganyiko mkubwa kuliko ukubwa wa hitilafu yenyewe. Wapo waliotoka na funzo kwamba masasisho ni hatari na heri kukaa na kile kinachofanya kazi. Wapo walioona kinyume: hitilafu iligunduliwa na kuzibwa ndani ya siku chache, kwa hiyo anayesasisha haraka ndiye aliye salama. Na wapo waliorudi kwenye lawama ya siku zote, kwamba Linux ni mchezo wa mafundi, kompyuta ya ofisi ya uhasibu isiwekewe.

Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini zote zinachanganya vitu viwili visivyofanana. Mashine iliyokataa kuwaka na mashine iliyopoteza data huwekwa katika kapu moja, "Linux imeharibika", ilhali ni maradhi mawili yenye dalili, madaktari na hatari tofauti. Ya kwanza inapiga kelele na mara nyingi inarudishika. Ya pili inanyamaza, na kilichopotea huenda kimepotea. Cha ajabu ni kwamba watu huogopa zaidi ile ya kwanza.

Minyororo miwili

Kitufe kikibonyezwa, programu ya ubao mkuu, siku hizi UEFI, ndiyo inayoamka kwanza. Nayo hukiita kipakiaji, mara nyingi GRUB. GRUB hupakia kerneli, ile programu ya ndani kabisa inayosimama kati ya vifaa na programu nyingine zote, pamoja na furushi dogo liitwalo initramfs lenye madraiva ya kuiwezesha kerneli kuiona diski. Diski ikishaonekana, mfumo mkuu wa faili hupachikwa, kisha usukani hukabidhiwa systemd, ambayo huamsha huduma moja moja mpaka mtumiaji aone mahali pa kuandika neno la siri.

Mnyororo wa kuhifadhi data ni mwingine. Programu ikisema "andika", data hukaa kwanza katika kashe ya kerneli, ndani ya RAM. Mfumo wa faili huamua ikae wapi. Tabaka la bloku hupanga foleni ya maombi, draiva huyapeleka, na diski yenyewe ina kashe yake ndogo ambayo yaweza kujibu "nimeshaandika" kabla haijaandika. Umeme ukikatika hapo katikati, kila pete ya mnyororo ina simulizi yake kuhusu kilichokuwa kimekamilika.

Tofauti kubwa ni hii: mnyororo wa kwanza hupitwa mara moja, kwa mpangilio, mbele ya macho ya mtu. Wa pili hupitwa mara maelfu kwa saa, bila shahidi.

Mashine inapogoma

Mahali mashine ilipokwama ni nusu ya jibu. Ukiona alama ya grub rescue, kerneli bado haijaguswa, na tatizo liko kwa kipakiaji au kwenye sehemu za diski. Ukiangukia kwenye ganda dogo la initramfs likilalamika kwamba UUID fulani haipo, kerneli iko hai ila haijaiona diski: huenda draiva haikuingizwa kwenye furushi, huenda waya umelegea, huenda diski imekufa. Ukifika hali ya dharura ya systemd, diski imeonekana na mfumo mkuu umepachikwa, na mara nyingi kosa ni mstari mmoja wa faili la /etc/fstab unaodai diski iliyokwisha kuchomolewa.

Kisha kuna maneno yanayowatisha watu kuliko yote, kernel panic, na ubavuni mwake not syncing. Wengi huyasoma kama hati ya kifo. Kumbe maneno hayo mawili ya mwisho ni ya ulinzi. Kerneli inatangaza kwamba haitamwaga kilichobaki kwenye kashe kwenda kwenye diski, kwa sababu haijiamini tena. Mashine iliyoganda pale imekataa kuandika upuuzi juu ya data yako.

Visababishi vingi vya kugoma si hitilafu za kerneli hata kidogo. Kimoja cha kawaida mno ni sehemu ya /boot kujaa: kerneli za zamani hurundikana, nafasi huisha, initramfs ya kerneli mpya hutengenezwa nusu au haitengenezwi, na siku mashine ikizimwa na kuwashwa, lawama humwangukia mgeni. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Julai 2020, viraka vya kuziba tundu la usalama la GRUB lililoitwa BootHole viliacha mashine za Red Hat Enterprise Linux na CentOS zikishindwa kuwaka. Agosti 2024 sasisho la Windows lilivifungia mlango vipakiaji vya Linux kwenye mashine nyingi zenye mifumo miwili. Mara zote mbili kerneli haikuwa na hatia.

Lakini kuna kisa cha mwaka 2019 kinachostahili kuangaliwa kwa utulivu, kwa sababu kinaonyesha jinsi minyororo hii miwili inavyoweza kusokotana. Kerneli 5.3 ilipokuwa ikiandaliwa, kiraka kimoja cha ext4 kiliboresha usomaji wa diski: maombi yakapangwa vizuri zaidi, na safari za kwenda diskini zikapungua. Kazi safi, isiyo na kosa. Hata hivyo, kwenye baadhi ya mashine, skrini ya kuingia ya mazingira ya GNOME haikutokea tena. Sababu ni kwamba kerneli wakati huo ilikusanya unasibu, ile malighafi ya namba za bahati zinazohitajika na usalama, kutokana na matukio kama vile ishara za diski. Diski ilipopunguza kelele, unasibu ukapungua, na programu iliyoomba namba hizo mapema kupitia getrandom ikakaa kusubiri bila mwisho.

Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alikiondoa kiraka hicho kabla ya kutoa 5.3 mnamo Septemba 15, akikiri kwamba hakikuwa na kosa lolote. Hoja yake ilikuwa kanuni ya nyumba: kilichokuwa kikifanya kazi kwa mtumiaji jana hakiruhusiwi kuvunjika leo, hata kama anayekivunja ana haki. Katika 5.4 kerneli ikafundishwa kujitafutia unasibu yenyewe badala ya kusubiri, na kiraka kikapata njia ya kurudi. Hapa mtu anaweza kuona kwa nini swali "nani ana kosa?" halina faida kubwa kwenye matatizo ya kuwaka. Ext4 ilikuwa sahihi, getrandom ilikuwa sahihi kusubiri, na mtumiaji alikuwa na kioo cheusi mbele yake.

Na hata hapo, dawa ilikuwa nyepesi: menyu ya GRUB, kerneli ya jana, kazi inaendelea. Simu za Android, ambazo nazo huendeshwa na kerneli hii hii, zimelifanya jambo hilo kuwa la kujiendesha. Tangu Android 7.0 ya mwaka 2016, simu zenye mpangilio wa nafasi mbili huandika sasisho kwenye nafasi isiyotumika, na likishindwa kuwaka simu hurudi yenyewe kwenye ile ya zamani. Mwenye simu huenda asijue kamwe kwamba kulikuwa na tatizo.

Data inapooza kimya

Upande wa pili hauna menyu ya jana. Kerneli ya zamani itarudi, lakini herufi zilizoandikwa mahali pasipo pake hazitarudi nayo.

Chukua kerneli 4.19, iliyotoka Oktoba 2018. Mnamo Novemba watumiaji walianza kuripoti kwamba mafaili yao ya ext4 yanaharibika. Macho yote yakaelekea ext4, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa ikilalamika kwenye kumbukumbu za mfumo. Theodore Ts'o, msimamizi wake, alijikuta akitetea msimbo ambao haukuwa na hitilafu iliyokuwa ikitafutwa. Wiki zilipita kabla chanzo hakijapatikana tabaka moja chini, kwenye foleni mpya ya maombi ya bloku iitwayo blk-mq, ambayo toleo hilo ndilo lililoifanya kuwa chaguo la kawaida kwa diski za SCSI na SATA. Ombi lililokuwa limeshaandaliwa kupelekwa moja kwa moja kwenye diski, likikuta diski ina shughuli, lilirudishwa kwenye foleni, na huko likaweza kuunganishwa na ombi jingine kana kwamba halijaandaliwa. Kilichofika diskini hakikuwa kilichoombwa. Na ilitokea hasa pale ambapo mpangaji wa foleni alikuwa amezimwa, kwa hiyo watu wawili wenye kerneli ile ile wangeapa, kila mmoja kwa haki, kwamba ni mbovu na kwamba ni nzima. Kiraka cha Jens Axboe, msimamizi wa tabaka la bloku, kililiziba tundu hilo mapema Desemba, katika 4.19.8.

Kinachofaa kuchukuliwa hapo ni kwamba anayepiga yowe si lazima awe mwizi. Mfumo wa faili ndio wenye kukagua, hivyo ndio wenye kupiga yowe.

Wakati mwingine hata yowe halipo. Mwaka 2021, mhandisi wa Ujerumani Max Kellermann alipata malalamiko kwamba mafaili ya kumbukumbu za seva za wavuti hayafunguki, kwa kuwa hesabu ya uhakiki mwishoni mwake hailingani. Alirekebisha faili moja kwa mkono, akaendelea na kazi. Baada ya muda likaja jingine, kisha jingine. Alipoyalinganisha aligundua kwamba mengi ni ya siku ya mwisho ya mwezi, na kwamba baiti nane za mwisho ni zile zile kila mara: mwanzo wa kichwa cha faili la ZIP, kilichoandikwa na programu nyingine kabisa isiyo na ruhusa ya kuligusa faili hilo. Uchunguzi wake ulimfikisha kwenye kerneli, kwenye bomba la kupitishia data kati ya programu, ambako alama moja ilikuwa haifutwi kabla ya kutumiwa tena. Hitilafu ilianza kufanya kazi katika 5.8 ya mwaka 2020. Alipoitangaza Machi 2022 ilikuwa na jina, Dirty Pipe, kwa sababu njia iliyoharibu mafaili kwa bahati mbaya ingeweza kutumiwa na mtu kwa makusudi kuandika ndani ya faili lolote aliloruhusiwa kulisoma tu, hata yale ya mfumo. Uozo mdogo wa faili ukawa ni ufunguo wa nyumba nzima.

Ila usiamini kila yowe. Oktoba 2012 habari zilienea duniani kwamba kerneli 3.6 inakula data za ext4. Uchunguzi ulipokwisha, ilionekana kwamba tatizo lilihitaji machaguo ya kupachika yasiyo ya kawaida, ambayo mtumiaji wa kawaida hana. Habari ya kwanza ilisomwa na maelfu, na sahihisho likasomwa na wachache, kama ilivyo desturi.

Tena kuna vifaa. RAM yenye doa moja bovu, waya wa SATA uliolegea, flashi bandia inayotangaza ukubwa isio nao, diski inayodanganya kuhusu kashe yake kisha umeme unakatika: vyote hivyo huacha alama zinazofanana mno na hitilafu ya kerneli. Anayefanya kazi mahali umeme unapokatika mara kwa mara atakutana na hivi mara nyingi zaidi kuliko atakavyokutana na blk-mq.

Kambi tatu

Kwa hiyo mtu afanye nini kuhusu masasisho? Majibu yamegawanyika katika kambi tatu.

Ya kwanza inasema chukua kila toleo la matengenezo linalotoka, mara linapotoka. Sauti yake kubwa ni ya Greg Kroah-Hartman, anayesimamia matoleo hayo. Hoja ni nzito: kerneli mpya hutoka kila wiki tisa au kumi ikiwa na mabadiliko yanayozidi 10,000, na marekebisho yanayorudishwa kwenye matoleo ya zamani ni mengi kiasi kwamba hakuna anayeweza kusema mapema lipi ni la usalama na lipi ni la kawaida. Kiraka kidogo kilichoziba Dirty Pipe hakikuwa na king'ora. Aliyechukua vyote alikuwa salama kabla hajajua alikuwa hatarini.

Udhaifu wake ni ule ule uliotokea Desemba 2023. Kiraka cha ext4 kilichorudishwa kwenye 6.1 kilikuwa sahihi kabisa kule kilikozaliwa. Kule lakini kilikuwa na mwenzake, badiliko jingine katika msimbo wa iomap lililokitangulia, na huyo hakurudishwa. Bila mwenzake, baada ya uandishi wa moja kwa moja, mahali pa kuendelea kuandika ndani ya faili pakakokotolewa vibaya. Hakuna mtu aliyeandika msimbo mbovu. Viraka viwili vilivyokuwa vikiishi pamoja vilitenganishwa. Kadiri viraka vinavyorudishwa kwa wingi, na baadhi yake huchaguliwa kwa msaada wa mashine zinazojifunza, ndivyo ndoa za namna hiyo zinavyozidi kuvunjwa bila mashahidi.

Kambi ya pili ni ya kutogusa. Mashine inafanya kazi, basi iachwe. Nguvu yake ni kwamba kasoro za kerneli ya zamani zimeshajulikana, na kwa mashine iliyojifungia chumbani bila intaneti, ikiendesha mzani au kifaa cha maabara, si ujinga. Lakini hoja nzima imejengwa juu ya dhana kwamba kukaa muda mrefu bila kulalamika ni ushahidi wa uzima. Kwa hitilafu zinazopiga kelele, ni kweli. Kwa zinazonyamaza, sivyo. Novemba 2023, wiki chache kabla ya kadhia ya Debian, watumiaji wa mfumo wa faili wa OpenZFS 2.2.0 waliona mafaili yaliyonakiliwa yakiwa na sehemu zilizojaa sifuri. Lawama ikaenda kwenye kipengele kipya cha kunakili bloku, kikazimwa haraka. Baadaye ilibainika kwamba kosa lenyewe lilikuwemo kwa miaka mingi, na kipengele kipya kiliongeza tu uwezekano wa kulikanyaga. Ilibidi hata tawi la zamani lipate toleo la kurekebisha, 2.1.14. Waliobaki na la zamani kwa sababu ni la kuaminika walikuwa nalo muda wote.

Kambi ya tatu inamwachia msambazaji achague. Red Hat ndiyo mfano halisi: RHEL 8 ya mwaka 2019 imejengwa juu ya kerneli 4.18, RHEL 9 ya 2022 juu ya 5.14, na wahandisi wanaolipwa hupachika juu yake kile wanachoona kinafaa, baada ya kukijaribu kwenye vifaa vya wateja wao. Ni utaratibu wa gharama, na kwa benki au hospitali una maana. Udhaifu wake haujadiliwi vya kutosha: kerneli hiyo hatimaye inakuwa kiumbe cha pekee, ina namba ya zamani na viungo vipya, na ikileta tatizo hakuna wa kumwuliza isipokuwa aliyeitengeneza. Wala haikuzuia yale ya BootHole. Ubuntu nayo huchagua na kutunza kerneli zake. Debian iko karibu zaidi na kambi ya kwanza, kwani hufuata matoleo ya muda mrefu ya kerneli kama yalivyo, na ndiyo sababu 6.1.64 iliingia moja kwa moja. Wengi walioshtuka Desemba ile walidhani wako kambi ya tatu, kumbe walikuwa ya kwanza.

Pembeni kuna ugomvi mwingine unaogusa kiini cha suala. Mfumo wa faili wa bcachefs uliingizwa kwenye kerneli 6.7, iliyotoka Januari 2024. Mwandishi wake, Kent Overstreet, alishikilia kwamba zana ya kuokoa data ya mtumiaji aliyekwama leo haiwezi kusubiri wiki tisa. Torvalds alishikilia kwamba kipindi cha mwisho cha maandalizi ni cha marekebisho tu, na kwamba kila "dharura" inayopenya hapo ni mlango wa hitilafu nyingine. Ubishi huo ulirudiwa mara kadhaa, na mwaka 2025 bcachefs ikaondolewa kabisa katika 6.18. Ninaona Torvalds alikuwa na haki kuhusu utaratibu, na Overstreet alikuwa na haki kuhusu mtumiaji. Kadhia ya 6.1.66, kiraka cha haraka kilichookoa data na kuua Wi-Fi, inaweza kutajwa na yeyote kati yao kama ushahidi wake.

Kusubiri kunalinda nini?

Ushauri unaotolewa zaidi kama suluhu ya kambi zote ni kusubiri: acha wengine wajaribu kwanza, wewe sasisha baada ya wiki moja au mbili. Unafaa kupimwa kwa tarehe halisi.

Kerneli 5.12-rc1 ya Februari 2021 ilikuwa na hitilafu ya kutisha: waliotumia faili la swapu badala ya sehemu maalumu ya diski walijikuta swapu ikiandikwa mahali pengine, juu ya mafaili yao. Torvalds alitangaza ndani ya siku chache kwamba isitumiwe na akabadilisha jina lake liishie na dontuse. Kusubiri wiki kungetosha. 6.1.64 ilidumu siku kama kumi kabla ya 6.1.66, kwa hiyo wiki moja isingetosha, mbili zingetosha. 4.19 ilichukua wiki saba. Dirty Pipe ilikaa mwaka mmoja na nusu. Kosa la OpenZFS lilikaa miaka.

Ukizipanga hivyo, unaona kwamba kusubiri kunalinda vizuri dhidi ya hitilafu za kelele na zile za kuangamiza papo hapo, ambazo zote wengine watazikanyaga mapema na kupiga yowe. Dhidi ya uozo wa polepole, kusubiri ni sawa na kukaa na kerneli nyingine yenye siri nyingine. Na gharama ya kusubiri si sifuri: mashine iliyo wazi kwa intaneti hubaki na matundu ambayo kiraka chake kimeshachapishwa, yaani washambulizi wameshaonyeshwa pa kupiga.

Kwa mizani hiyo, kwa mashine za ofisi na seva ndogo, naona kambi ya tatu ndiyo yenye nafuu, kwa kuchelewesha siku kadhaa kwenye mashine zinazotunza data na kuanza na mashine moja isiyo na thamani kubwa. Seva inayotazamana na dunia isicheleweshwe. Kompyuta isiyo na mtandao inaweza kukaa na kambi ya pili bila aibu. Lakini uchaguzi huo wote unahusu zaidi kuwaka. Kuhusu data, kambi si kinga.

Mpangilio wa kazi siku ya tatizo

Uharibifu mwingi hutokea baada ya hitilafu, kwa mkono wa anayetibu. Mashine ikigoma, fundi anaweza kujaribu hiki na kile, kwa kuwa jaribio lililoshindwa halipunguzi kitu. Akija na tabia hiyo hiyo kwenye data iliyooza, anamaliza kilichobaki.

Kwa mashine iliyogoma, kwanza washa kerneli iliyotangulia kutoka kwenye menyu. Ikiwaka, soma kilichosemwa kwenye jaribio lililoshindwa kwa journalctl -k -b -1, angalia nafasi ya /boot, tengeneza initramfs upya. Kama mashine haikufika mbali kiasi cha kuandika chochote, ondoa quiet kwenye mstari wa kerneli na upige picha ya skrini kwa simu. Ikiwa kweli ni kerneli, git bisect hugawa historia nusu kwa nusu: hata kukiwa na mabadiliko 14,000 kati ya toleo zima na bovu, majaribio kama 14 yanafikia kiraka kimoja. Kila jaribio lina jibu la ndiyo au hapana, imewaka au haikuwaka.

Kwa data, njia hiyo hiyo ni mtego. Jibu "nzima" huenda likawa ni bahati tu ya dakika kumi, na kila jaribio linaandika kwenye diski. Hapa la kwanza ni kuacha kuandika. Chomoa diski au washa mashine kwa flashi ya mfumo mwingine, nakili diski nzima kwa ddrescue, kisha fanya kila kitu kwenye nakala. Kuna jambo ambalo mafundi wengi hawalitarajii: kupachika ext4 kwa kusoma tu, ro, hakuzuii kerneli kurudia maandishi yaliyobaki kwenye daftari la mfumo wa faili, yaani bado itaandika. Inabidi kuongeza noload, na kwa XFS norecovery. Fsck nayo ianze na -n, ambayo hukagua bila kugusa. Amri ya kurekebisha humfanya fsck aamue mwenyewe lipi likatwe ili ramani ilingane, na ramani inayolingana si sawa na data iliyo salama.

Halafu vifaa kabla ya kerneli. Smartctl huonyesha sekta zilizohamishwa, na hesabu ya makosa ya CRC inayopanda huelekeza kidole kwenye waya, si kwenye diski. Memtest iachwe usiku kucha. Vyote vikiwa safi, na uharibifu ukijirudia kwenye mashine mbili zenye kerneli moja na vifaa tofauti, hapo ndipo kerneli inastahili kushukiwa. Ripoti iende na namba kamili ya toleo, mfumo wa faili, machaguo ya kupachika na mpangaji wa foleni. Mwaka 2018, hicho kitu cha mwisho ndicho kilichowatenganisha walioathirika na wasioathirika, na wengi hawakujua kama wana mpangaji.

Programu zenyewe hazijaepuka kubadili tabia. Mwaka 2018 watengenezaji wa hifadhidata ya PostgreSQL waligundua kwamba fsync, ombi la kuitaka kerneli ifikishe data diskini, ikishindwa mara moja, kerneli yaweza kuziona kurasa za data hiyo kuwa safi, na jaribio la pili likafaulu bila data kufika diskini. Hawakungoja kerneli ibadilike. Tangu matoleo ya Februari 2019, PostgreSQL ikipata jibu hilo hujiangusha yenyewe na kuanza upya kutoka kwenye daftari lake. Kwa maneno mengine, waliugeuza uozo wa kimya kuwa mgomo wa kelele.

Usambazaji wa Linux bado haujafika hapo. Debian na Ubuntu huacha kerneli ya zamani kwenye menyu bila kukuuliza, kwa hiyo dhidi ya kugoma umeshakingwa hata kama hukufanya lolote. Dhidi ya kuoza, openSUSE ndiyo iliyokwenda mbele kidogo, kwani hupiga picha za mfumo kwenye Btrfs kabla na baada ya kila sasisho. Picha hizo ni nzuri kwa kurudi jana. Ila ziko kwenye diski ile ile, zinatunzwa na kerneli ile ile.